Temari kwa Wenye Haraka

Temari ni mpira wa Kijapani unaozungushiwa nyuzi kisha ukadariziwa maua na nyota. Zamani akina mama waliwatengenezea watoto wao kwa mabaki ya kimono kuukuu. Mipira ya raba ilipoenea Japani enzi za Meiji, watoto wakafuata inayodunda, na temari ikahamia kabatini, nyuma ya kioo. Kwa hiyo ondoa shaka: unajifunza kutengeneza mpira ambao hakuna atakayeucheza.

Anza kwa kununua nyuzi. Nunua rangi zote. Hatua hii ni tamu mno, na wapo wanafunzi wanaoirudia miaka nenda rudi bila kugusa ya pili.

Wewe uliyebaki, tafuta pumba za mpunga, uzikaushe, uzifunge katika soksi iliyofiwa na mwenzake. Ukitaka mpira ulie, tia njuga katikati. Zungushia uzi wa sufu, halafu uzi wa cherehani, ukiugeuza mpira kila mara ili uzi usirudie njia yake. Ukidhani umemaliza, endelea. Jioni ikiingia, endelea. Ganda hili la uzi ndilo litakaloshika mishono yote. Ukilibania, sindano itafika kwenye pumba, nazo zitatoka kukusalimu.

Sasa vipimo. Choma pini popote, uiite ncha ya kaskazini. Zungushia utepe wa karatasi kutoka pini hiyo hadi urudi pale pale, ukate. Ukunje katikati: kunjo linaonyesha kusini. Kunja tena: hiyo Ikweta. Mzingo ukiwa sentimita 25, kusini iko umbali wa 12.5, Ikweta 6.25, na mgawanyo wa sehemu kumi unataka pini kila sentimita 2.5 kwenye Ikweta, kila pini ikipitiwa na mstari wa uzi kutoka kaskazini hadi kusini. Kisha pima kwa upande mwingine. Utapata 12.3. Mwenye haraka husema "si kitu" na kusonga mbele. Milimita mbili hizo atakutana nazo mwishoni, petali moja imenona, jirani yake imekonda, na mgeni yeyote atakayeingia sebuleni ataweka kidole pale pale palipokonda.

Ua la kuanzia ni kiku, krisanthemamu. Sindano inachota uzi kidogo karibu na ncha, inashuka kuchota karibu na Ikweta kwenye mstari unaofuata, inapanda tena, hivyo hivyo mpaka umezunguka mpira. Raundi inayofuata inakaa bega kwa bega na iliyotangulia. Fundo ni aibu. Mkia wa uzi huzamishwa ndani ya ganda. (Fundo lako lifiche upande wa kusini. Temari ikiwa kwenye kibao chake, kusini hakuonekani.)

Katika mji wa Kanazawa, Japani, mama humpa binti anayeolewa temari. Usiige desturi hiyo kwa kazi yako ya kwanza, labda kama humtaki mkwe.

Ukishindwa kabisa, panda treni hadi Matsumoto, mkoani Nagano. Huko temari zimechorwa hadi kwenye mifuniko ya chemba za barabarani, petali zote sawasawa, na unaruhusiwa kuzikanyaga.