Nimegonga Ng'ombe, Nikaomba Msamaha

"Nisamehe sana mzee wangu, ni mimi nimemgonga."

Binti wa kaunta aliyasoma maneno hayo kwa sauti, mbele ya foleni nzima, juzi pale Migori mjini. Kisha akayarudia polepole, ili hata waliokuwa mlangoni wasikie. Mama mmoja aliyekuja kukatia tuktuk yake bima alicheka mpaka akashika ukuta. Maneno ni yangu. Askari wa trafiki wa ng'ambo ya mpaka aliyaandika neno kwa neno, yakavuka forodha salama salimini kuliko bampa yangu, na sasa yamo kwenye faili.

"Baba, ulikubali kosa," binti aliniambia kwa upole wa muuguzi. "Masharti yanasema usikubali kosa, usiahidi kitu, usilipe kitu, bila idhini yetu ya maandishi." Kidole chake kilikuwa juu ya aya ambayo sisimizi angehitaji miwani kuisoma. "Sasa haya madai tutayaendeshaje?"

Nilitaka kumuuliza alilelewa wapi. Kwetu Sori ukimkanyaga mtu mguu pale wanapopimia omena, unaomba msamaha kabla hujajua ni mguu wa nani. Nimvunjie mzee mwenye mvi ng'ombe wake, mbele ya boma lake, kisha nimwambie asubiri idhini ya maandishi kutoka Kenya?

Tulikuwa tunakwenda Shirati kwa wakwe zangu. Kwa boti ni hapo tu, unaambaa na Muhuru umefika. Lakini Probox haielei. Kwa hiyo unapanda kutoka Sori hadi Migori, unaelekea Isebania, unavuka Sirare, unapita Tarime, halafu unakunja kulirudia ziwa lilelile uliloliacha asubuhi. Mzunguko huu una wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mto Umba kule pwani, uuzunguke Kilimanjaro, uje ugonge ziwa letu kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Wajaluo wa pande zote mbili hawakuulizwa. Mwaka 1914 wakubwa hao walirudi kugombana kwa meli hapa hapa kwetu Karungu, na bado hawakutuuliza. Ndiyo sababu kumsalimu mama mkwe anayesema Kijaluo changu mimi ni safari ya nchi za nje, na inahitaji kadi ya njano, ile bima ya gari ya COMESA inayovuka mpaka.

Hii kadi ya njano naipenda, na nitaisema hata kama hamtaki. Mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1986, miaka mia moja kamili baada ya ule mstari, kana kwamba mtu aliona haya. Bima yako ya kawaida hufia mpakani. Ukiwa na kadi hiyo, ukimuumiza mtu Tanzania, ofisi ya kule ndiyo inayoshughulikia madai kwa sheria za kule, halafu inaidai kampuni iliyokuuzia kadi huku. Majeruhi hahitaji kukufuata mpaka Sori na rungu. Tena Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye kadi. Ilihama nyumba ikaendelea kula jikoni. Nilikuwa namweleza rafiki yangu, mwalimu wa historia, utamu wa mpango huo, nikiwa nimefika hapo pa jikoni, ng'ombe alipotoka kwenye shamba la mihogo, akasimama katikati ya lami, akanitazama.

Nilifunga breki. Breki zilifanya zilivyoweza.

Mguu wa nyuma ulivunjika. Kabla sijafungua mlango, watu walikuwa wameshajaa. Sijui huwa wanasubiri wapi. Mwenye ng'ombe akaja taratibu na fimbo yake. Nikampa shikamoo, nikasema yale maneno yaliyonukuliwa hapo juu, naye akaitika kwa heshima zote, kisha akaanza hesabu.

"Mura, huyu ana mimba."

Akadai ng'ombe. Akadai ndama wa tumboni, ambaye alijua ni jike. Akadai maziwa. Akadai ndama wa huyo ndama. Akafika kwenye mahari ambayo mwanawe wa mwisho angelipa kwa kizazi hicho, na mke ambaye sasa hatapatikana, na watoto ambao mke huyo angezaa. Kila alipotaja kizazi alichora mstari vumbini kwa fimbo, na umati ukaitikia. Nilipotazama, mwalimu wangu alikuwa ameshuka garini na anapiga makofi.

"Omera," aliniambia, "huyu ndiye wakili tuliyemkosa miaka yote!"

Hapo nikajua tutalala njiani. Mwalimu aligeuza boneti kuwa mimbari. Akawaambia watu wa Tarime kwamba biashara hii ya bima ilikulia London, kwenye duka la kahawa la Edward Lloyd, ambako wenye meli walikatia bima vyombo na shehena, na kwamba kwenye meli nyingi shehena ilikuwa watu. Akawasimulia meli iliyoitwa Zong: mwaka 1781 mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, wakisema maji ya kunywa yalikuwa yanaisha, kisha wenye meli wakapeleka madai ya bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Kesi ilifika kortini mwaka 1783. Si kesi ya mauaji; hiyo haikufunguliwa kamwe. Ilikuwa kesi ya madai, na jaji mkuu, Lord Mansfield, alieleza kwamba mbele ya sheria ni sawasawa na farasi kutupwa majini.

"Au ng'ombe," akasema mzee, na fimbo ikasimama.

Na walipokomesha utumwa, mwalimu akaendelea, walilipa fidia. Sheria ya mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20, zote za mabwana. Walipa kodi wa Uingereza walimaliza deni lake mwaka 2015. Zanzibar mwaka 1897, vilevile: fidia kwa mwenye mtumwa. Pwani ya Kenya mwaka 1907, vilevile. Mtumwa hakupata hata ya nauli. Kwenye bima yangu, mtu yeyote njiani ambaye simjui anahesabiwa, anaitwa mtu wa tatu. Mle melini waliotupwa hawakuwa wa kwanza, wa pili wala wa tatu.

Nililipa. Si vizazi vyote, tulikomea kwa ndama. Wakwe ndio walioleta pesa, jambo ambalo nitalisikia mpaka nife.

Lakini pale kaunta, binti alipokuwa akinisomea masharti, nilikumbuka lugha ile niliisikia wapi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Waziri William Hague alisimama bungeni akasema wanajuta kwa dhati, na kwenye hotuba hiyohiyo akasema bado wanakana kuwajibika. Mwaka 2023 Mfalme Charles akaja Nairobi, akaonyesha huzuni na majuto makubwa. Msamaha hakuomba. Watu wakashangaa. Mimi sishangai tena: ni mteja mzuri, amesoma herufi ndogo. Lloyd's wenyewe waliomba radhi mwaka 2020, karne mbili na ushei baada ya Zong, na hawajafilisika. Sasa wazee waliovunjwa mbavu kambini wanaambiwa wapokee majuto yasiyo na mwenyewe, na mimi naambiwa adabu yangu imeharibu faili. Hili haliniingii, na halinichekeshi.

Tuliporudi Sori, mkokoteni wa omena uling'oa kioo changu cha pembeni. Mwenye mkokoteni hakusema samahani. Nadhani ana bima.



Ndugu msomaji, ukivuka Sirare kagua tarehe ya kadi yako, na ubebe taslimu ya ng'ombe mmoja mwenye mimba. Ukimgonga, mwombe mzee msamaha kama ulivyofunzwa kwenu, lakini ngoja kwanza askari aishiwe wino.