Notepad Ipigiwe Ngoma

Wapenzi wa katuni jijini Nairobi hawakosi wa kumsifu. Watamtaja Kwame Nyong'o na filamu yake ya mwaka 2011, The Legend of Ngong Hills. Watawataja wachoraji wa Homeboyz walioshughulikia Tinga Tinga Tales. Wanastahili. Ila hajatokea hata mmoja wa kuisifu Notepad, ile programu ya ukurasa mweupe isiyo na brashi wala rangi, ambayo imejikalia ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985 ikingoja mtu aandike orodha ya vitu vya sokoni. Dhuluma hiyo haivumiliki tena.

Sifa zake zinaonekana vizuri zaidi mitaani kama Riruta na Kawangware. Kijana wa Kawangware anayetengeneza katuni kwa kompyuta ya mtumba huchagua programu ya Synfig kwa sababu ni ya bure, na hutegemea stima ambayo haina desturi ya kuaga. Ikipotea huku faili ikinakiliwa kwenye flashi, mkia wa faili hukatika. Kesho yake Synfig inakataa kuifungua, na mwenye kazi keshapanda matatu ya 46 kwenda kwa mteja aliyelipa nusu.

Hapo ndipo mheshimiwa Notepad huitwa. Faili ya Synfig yenye tamati ya .sif ni maandishi matupu ya XML. Juu kabisa kuna tagi ya <canvas>, iliyobeba upana, urefu na idadi ya fremu kwa sekunde. Chini yake matabaka ya picha yamepangwa moja baada ya jingine, na kila kilichofunguliwa sharti kifungwe. Fundi hushuka hadi palipokatika, akafuta tabaka lililobaki nusu, akaandika </canvas>, akahifadhi. Kilichokuwa baada ya hapo kimepotea, lakini kilichotangulia kinafunguka na mhusika anaendelea kutembea. Faili ya .sifz, ambayo ni .sif iliyobanwa, hukunjuliwa kwanza kwa 7-Zip. Ikifunguliwa hivyo hivyo, Notepad itamwaga takataka skrini nzima bila haya yoyote.

Kuna pia balaa la herufi. Flashi iliyoitwa E: nyumbani huitwa F: kwenye saiba, na picha zilizoingizwa katika filamu hutoweka ikiwa faili bado inazitafuta kwenye E:. Bonyeza Ctrl na H, badilisha zote, kwisha.

Hata wakubwa huinama. Maya, programu ya studio zenye fedha, hukubali kuhifadhi kazi kwa maandishi katika faili ya .ma. Maya ya zamani ikigomea kazi ya toleo jipya, kubadilisha mwaka katika mstari wa requires maya mara nyingi hutosha kuishawishi, ijapokuwa vitu vilivyobuniwa baadaye haitavielewa. Blender imeifungia faili yake ya .blend katika mfumo wa binary usiosomeka kwa macho, kwa hiyo haitapata sifa yoyote katika makala haya.

Wabaya wake watasema Notepad ni jahili. Ndiyo, na ujahili huo ni dawa. Word, kwa ukarimu wake, hupinda alama za kunukuu zinapoandikwa, na XML hufa papo hapo. Notepad haikuwahi kujua alama hizo zinaweza kupindwa. Kwa miaka mingi ilikumbuka kosa moja tu: Ctrl na Z ya kwanza iliondoa kosa, ya pili ikalirudisha. Hakuna mwalimu aliyewahimiza vijana kuweka nakala kabla ya kugusa faili kama kumbukumbu hiyo fupi. Ilihitaji pia miaka 33, hadi 2018, kutambua mwisho wa mstari ulioandikwa kwenye Linux. Kabla ya hapo, faili kutoka huko ilionekana kama mstari mmoja mrefu kama foleni ya Naivasha Road jioni. Na aliyelipatia tabaka lake jina la Kigĩkũyũ, kisha akahifadhi kwa usimbaji wa ANSI, alikuta ĩ na ũ zimevuliwa vilemba. Kiswahili kilipita salama, maana hakina vilemba.

Sasa kuna habari za kuwatia mashabiki hofu. Mwaka 2024 Microsoft iliipa Notepad ya Windows 11 uwezo wa kukagua tahajia na kusahihisha maneno yenyewe. Wanadai kwamba faili za msimbo zimeachwa kando. Kompyuta ya mtumba yenye Windows 7 haitaletewa elimu hiyo, na mwenye nayo ana sababu ya kupandisha bei.