Nyanja za Uwakili Kati ya Mpiji na Saadani: Jaribio la Uainishaji

Elimu ya viumbe imeshamaliza kuainisha samaki wa mwambao huu, ndege wa Saadani na mikoko ya mdomo wa Ruvu. Hata kaa wana majina yao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo hii hii, ambaye kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichapwa Ujerumani mwaka 1903, alieleza ngoma, ndoa, madeni na pepo aina kwa aina. Wakili wa kujitegemea, mwenye joho, muhuri na bango, hakuwamo, maana zama hizo shauri lilikwisha kwa kadhi au kwa liwali. Pengo hilo limekaa wazi zaidi ya karne moja, na makala haya yanathubutu kuliziba.

Eneo la utafiti linaanzia daraja la Mpiji, pale Dar es Salaam inapokwisha na Mkoa wa Pwani unapoanza, linapita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, linaingia mjini Bagamoyo, kisha linavuka Ruvu kuelekea Makurunge na Saadani. Sampuli ni mabango. Kila ofisi ya uwakili ya ukanda huu, hata ile iliyobanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na wakala wa fedha za simu, ina bango lenye orodha ndefu: madai, jinai, ndoa na talaka, mirathi, ardhi, makampuni, kodi, usafiri wa majini, haki miliki, viapo. Mgeni atadhani ndani kuna idara kumi. Ndani kuna meza mbili, feni, kabati la mafaili na binti anayepokea simu. Dai la makala haya ni kwamba nyanja hizo kumi ni moja tu, nayo ni ardhi, iliyovalishwa nguo kumi. Tuliite Nadharia ya Mnazi Mmoja, lisichanganywe na hospitali wala viwanja vya jina hilo kule Dar es Salaam.

Ushahidi wa kwanza ni ndoa. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi ya nyumbani ya mke inahesabiwa kuwa mchango katika mali ya wanandoa. Ni uamuzi mkubwa, ingawa wanaoutaja huruka kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Sasa keti kwenye benchi la nje ya ofisi ya wakili usikilize talaka inavyosimuliwa. Ulevi utatajwa, mke mdogo atatajwa, matusi ya mawifi yatatajwa, yote kwa dakika tano. Muda wote utakaobaki ni wa ile robo ekari ya Kerege, iliyonunuliwa kwa jina la mume kwa fedha za vitenge vya mke.

Jinai haina maelezo marefu. Wizi wa kuku upo, lakini hauleti wakili. Kinachomleta ni kuingia kwa jinai, kuharibu mali (yaani kukata minazi ya mwenzio usiku) na kutishia kuua kwa maneno, ambako hutokea mpakani, jembe likiwa mkononi. Mahakama zimesema mara nyingi kwamba huwezi kumtia mtu hatiani kwa kuingia shambani kabla haijajulikana shamba ni la nani. Jalada linafungwa, watu wanaambiwa waende kwenye ardhi kwanza. Nadharia haikuhitaji kusaidiwa zaidi ya hapo.

Kodi ni kodi ya pango la ardhi. Haki miliki imewekwa kwenye bango kwa ajili ya urembo, mpaka hapo msanii wa chuo cha sanaa cha TaSUBa atakapoibiwa ngoma yake na akawa na fedha za kushtaki. Usafiri wa majini ulimchanganya mtafiti kidogo, kwa kuwa jahazi si shamba. Ukiyafungua mafaili yenyewe unakuta mabwawa ya chumvi, mikoko na viwanja vya ufukweni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na ubishi wote ni mita hizo zianzie wapi: mwenye hoteli anapima maji yakiwa yamepwa, afisa mazingira anapima siku ya bamvua.

Mirathi inastahili kukaliwa kidogo, maana humo mnazi unaonekana kwa macho. Mzee amefariki. Arobaini ikipita, kikao cha ukoo kinaketi barazani, muhtasari unaandikwa kwenye karatasi ya daftari, wajumbe wanatia saini au dole gumba, na mmoja anapendekezwa kuwa msimamizi. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo na Fomu Namba 1. Akishateuliwa anapewa miezi minne kurudisha orodha ya mali na hesabu ya mgao: mjane mwenye watoto thumni yake, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, kama marehemu alikuwa Mwislamu. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba msimamizi akishaishika ile barua yenye nembo ya mahakama, hugeuka ghafla kuwa mrithi pekee. Miezi minne inakuwa miaka minne. Ndugu wakiuliza, anasema bado anafuatilia.

Na mali yenyewe ni nini? Desturi ya zamani ya pwani ilimruhusu mtu kumiliki minazi iliyosimama juu ya ardhi ya mwingine. Babu alipanda minazi thelathini kwenye kiambo cha shemeji yake kwa ruhusa ya mdomo, mbele ya watu ambao wote wameshalala makaburini Kaole. Wajukuu wa babu wanasema shamba ni letu, tazameni minazi. Wajukuu wa shemeji wanasema minazi ni yenu, iondoeni. Wamekaa hivyo miaka hamsini bila kugombana, wanaazimana ngazi, wanaoana, mpaka siku mnunuzi kutoka Mbezi Beach aliposimamisha gari. Yeye haoni minazi wala shemeji, anaona ploti. Jioni hiyo hiyo pande zote mbili zinatafuta wakili, na mawakili wote wawili wanafungua mlango uleule, Sheria ya Ukomo wa Muda, inayompa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake. Zamani wangeanzia Baraza la Kata, lililoweza kuamua mgogoro wa ardhi usiozidi shilingi milioni tatu. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliliondolea meno: sasa linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, na lisipofanikiwa watu wanapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wa baraza wanayapokea mabadiliko hayo kwa unyenyekevu wa mtu aliyenyang'anywa filimbi katikati ya mechi.

Mpinzani wa nadharia atasimama kwenye makampuni na uwekezaji. Hapo, atasema, pana fedha za kigeni na usuluhishi wa kimataifa, mnazi unaingiaje? Unaingia kwa mlango wa mbele. Mwaka 2013 ulitiwa saini mpango wa bandari ya Bagamoyo na kampuni ya China Merchants, Oman nayo ikaingia kupitia mfuko wake wa akiba ya taifa. Thamani iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10. Jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti yake angeyakubali mwendawazimu tu, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza mazungumzo kufufuliwa. Meli haijatia nanga. Lakini waulize watu wa Pande, Mlingotini na Zinga: mthamini alishapita, akahesabu miembe, akahesabu minazi, na sheria inayosema fidia iwe kamili, ya haki na ya mapema ilisomwa kwa sauti barazani na kila aliyefika. Kwa bei ya viwanja, bandari ilijengwa zamani na inafanya kazi usiku na mchana.

Mfano mkubwa zaidi uko Makurunge, kwenye iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Serikali ya Zanzibar, Razaba. Kampuni ya Kiswidi ya EcoEnergy ilipewa hati ya zaidi ya hekta 20,000 kulima miwa. Hati ikafutwa, kampuni ikaenda ICSID, chombo cha usuluhishi chenye makao Washington, mwaka 2017, na mwezi Aprili 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 165. Miwa sasa inalimwa huko huko na kampuni ya Bakhresa. Mawakili wa pande mbili walivaa suti za bei mbaya na kuandika kurasa nyingi kuliko minazi ya wilaya nzima, lakini swali lilikuwa lile la wajukuu wa shemeji: nani alikuruhusu kupanda hapa, na nani ana haki ya kukuambia uondoke?

Tunafika kwa jamii isiyo na bango, nayo ndiyo yenye wateja wengi zaidi: kishoka. Makazi yake ni steshenari. Kuna kompyuta moja, mashine ya fotokopi, kalenda ya mwaka juzi, na mkataba wa mauziano ya shamba ambao uko tayari, bado majina tu. Mpaka wa mashariki fulani, magharibi barabara, kusini mfereji, kaskazini Mzee fulani, ambaye hakuitwa kushuhudia na wiki ijayo ndiye atakayefungua kesi. Dalali amesimama mlangoni, mwenyekiti wa kitongoji yuko njiani na muhuri wake, na asilimia kumi ambayo hakuna sheria inayoitaja imeshatengwa kwenye bahasha.

Alama ya kumtambua kishoka iko chini ya ukurasa wa mwisho. Sheria ya Mawakili inataka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake, na inamkataza asiye wakili kuandaa hati za namna hiyo kwa malipo. Kwa hiyo kishoka, mtu mwangalifu, huandika: imeandaliwa na mdai mwenyewe. Ndiyo maana mabaraza yetu yana bibi wa miaka sabini na kitu waliotunga kurasa nne zenye vifungu vya sheria na vijifungu vyake.

"Shikamoo bibi. Hii umeandika wewe?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nimeweka dole tu. Kwani imekosewa?"

Watu humcheka kishoka kama uzushi wa juzi. Rekodi zinasema vingine. Novemba 1884 aliteremka Saadani kijana wa Kijerumani, Carl Peters, na makaratasi yaliyoandikwa kwa lugha ambayo wateja wake hawakuijua. Balozi wa nchi yake kule Unguja alishamjulisha kwamba serikali haitamlinda; kwa lugha ya leo, hana leseni. Akapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami, na kule Msovero Chifu Mangungo akaweka alama yake. Februari 1885 Kaiser akampa hati ya ulinzi. Ni kishoka pekee katika utafiti huu aliyepewa leseni baada ya kazi kukamilika. Kampuni yake ilipoishika pwani Agosti 1888, moja ya amri zake ilikuwa watu waje waandikishe mali zao na kuthibitisha umiliki. Pwani ikawaka, Abushiri aliyeongoza uasi huo alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mambo ya hati yakaendelea.

Imebaki huduma kwa jamii. Maadili ya uwakili yanamkataza wakili kujinadi kama muuza dawa ya mende. Lakini hakuna kanuni inayomkataza kuwa mtu mwema hadharani. Kwa hiyo wakili wa ukanda huu hununua jezi za timu ya mtaa, hutoa mbuzi wa bingwa, hupeleka tende na sukari za futari msikitini, na Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari, hukaa chini ya turubai kutoa ushauri wa bure. Turubai hilo lina faida ya kweli, nisije nikaonekana nabeza. Wapo wajane waliojua haki yao hapo. Na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaotembea kitongoji hadi kitongoji bila jezi wala mbuzi. Kazi wanayoimaliza kwa maneno ukumbini ingeweza kulisha ofisi mbili za mjini kwa mwaka. Hawamo kwenye uainishaji huu kwa kuwa hawana bango.

Huduma kuu, hata hivyo, ni msiba. Wakili asiyekwenda mazikoni Bagamoyo atakaa na feni yake. Anayekwenda huvua viatu, hukaa mkekani na wazee, hula ubwabwa wa hitima pamoja na mtu aliyemshinda barazani mwezi uliopita, na hasemi neno lolote la kazi, kwa kuwa adabu haimruhusu. Wala haina haja. Dua ikiitikiwa na watu wakianza kutafuta viatu vyao, dalali atajisogeza taratibu na kumwinamia sikioni: "Wakili, hivi lile shamba la marehemu la kule Kiromo, lina hati?"