Malipo 1 Tu

Masikio yangu bado yana moto tangu mkutano wa asubuhi. Nilikuwa hapa Loresho mezani, juu shati lililopigwa pasi, chini kaptura, nikiwaonyesha wakubwa wa kampuni ya mteja skrini yangu kwa video. Walitaka kujua ni malipo mangapi yalikwama usiku. Nikafungua kumbukumbu za seva kwa amri ya journalctl, nikawasomea kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Yaliyokwama ni 1." Nikaongeza, bila kuombwa, kwamba moja si kitu.

"Moja?" akauliza mama mhasibu. "Kijana, simu za hapa hazijanyamaza tangu saa mbili."

Nikamweleza kwa upole kwamba wateja hupenda kulalamika. Ndipo mwanafunzi wa mafunzo kazini, ambaye hadi hapo hata salamu hakuwa ametoa, akawasha maikrofoni: "Samahani mkubwa, hebu bonyeza mshale wa kulia."

Nikabonyeza. Mstari ukasogea, 1 ikaota mkia: 1,743. Kwa kimya kilichofuata nilidhani intaneti imekatika. Haikuwa imekatika.

Mimi nilisoma kilichokuwa mbele ya macho yangu. Journalctl yenyewe haikuonyeshi maandishi. Huyakabidhi kwa less, programu ya kusomea iliyoandikwa na Mark Nudelman miaka ya 1980. Less ikiachiwa tabia zake ni muungwana: mstari ukizidi upana wa dirisha, huukunja ukaendelea chini. Lakini journalctl huipa maagizo ya herufi sita, FRSXMK, na humo ndani imejibanza S. Kazi ya S ni kuhakikisha kinachovuka ukingo hakionekani. Kinachobaki ni kialama cha > pembeni kabisa, na mkato hauchagui pa kupita: katikati ya neno, katikati ya sentensi, katikati ya tarakimu. Ni makanga anayekushusha Westlands ilhali umelipa nauli ya Kangemi, ila makanga angalau hukwambia ushuke.

Sikatai, S ina faida yake. Tukio moja hukaa mstari mmoja, saa zikajipanga wima, jicho likateremka bila kujikwaa. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, nayo iliwahi kuipenda. Ilikuwa ikiipa less FRSX hadi toleo la 2.1, mwaka 2014, ilipoitoa S kwa hoja kwamba kukata mistari ni jambo la mtumiaji kujiamulia. Hata upana tunaogombania ni wa kurithi: safu 80 zilitoka kwenye kadi za kutoboa za IBM za 1928, zikahamia kwenye terminali kama VT100 ya 1978, na hadi leo ukifungua dirisha jipya mara nyingi utazikuta zinakungoja.

Kinachonikera ni kwamba chaguo-msingi huonekana halina ubaya kwa mwenye skrini pana kama kitanda. Kompyuta yangu ni ex-UK ya inchi 12 kutoka Luthuli Avenue. Juu yake kila sentensi ndefu hukatwa, na lawama humwangukia aliyesoma, si aliyeficha. Ankara yangu ya mwezi huu imewekwa kando "hadi tuelewane". Tuelewane kuhusu nini? Alama ya >?

Ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendelea kwenye seva, nayo ilinikatia amri mbili za Java zikafanana kama mapacha, nikaizima isiyohusika.

Ndugu msomaji, kama unalipwa kwa kusoma kumbukumbu za seva, weka export SYSTEMD_LESS=FRXMK kwenye .bashrc yako leo hii. Ukijikuta tayari uko ndani ya less, andika -S kisha Enter, mistari yote itakunjwa. Kwa ps, ongeza ww. Fanya hivyo kabla ya kumwambia mhasibu yeyote idadi yoyote.