Mwaka wa Kuisubiri Bajeti

Habari ya gari la umeme iliingia nyumbani kwetu Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa simu ya wifi yangu anayeishi Ohio, Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alinunua gari la umeme lililotumika, na palepale kwa muuzaji akapunguziwa dola 4,000. Sheria ya huko ilimpa mnunuzi wa gari la namna hiyo nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya bei, isizidi dola 4,000, mradi gari lenyewe lisivuke dola 25,000. Kuanzia Januari ya mwaka ule nafuu hiyo ikawa inakatwa dukani, mtu hangoji tena hesabu za kodi za mwaka unaofuata. Wifi alimpigia kaka yake usiku huohuo. "Kaka, na nyie ulizeni huko. Siku hizi serikali zinatoa punguzo."

Kaka yake ndiye mume wangu, na kazi yake ni dagaa. Alfajiri mitumbwi inaporudi, yuko ufukweni na ndoo zake. Dagaa wakishakauka kwenye vichanja hupakiwa kwenye gari letu kuukuu na kupandishwa Mbinga, mara nyingine hadi Songea. Faida yote ya dagaa hupita kwanza kwenye tangi la petroli. EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini bei hiyo ni ya kituoni. Sisi tulio mbali na kituo tunanunua kwa chupa, na chupa ina bei yake. Kwa hiyo mume wangu aliposikia kuna gari lisilokunywa petroli, na kwamba kuna serikali zinazokupunguzia bei ukilinunua, usingizi ulimruka.

Baba mkwe, mwalimu mstaafu, hakulishangaa wazo hilo. Alikumbuka Machi 2022, mchora katuni Masoud Kipanya alipoonyesha gari dogo la umeme lililoundwa hapahapa nchini. Tangu siku ile alikuwa akisema Serikali haitaacha jambo hilo lipite bila kulitazama kwenye kodi. Ndipo neno "bajeti" lilipoingia katika mazungumzo ya chakula cha jioni, likakaa nasi zaidi ya mwaka mzima.

Ilipofika Oktoba 2024 gari lilikuwa limepatikana, Nissan Leaf lililotumika, likiwa bado Japani, kwa muuzaji wa mtandaoni. Mume wangu alikuwa amejifunza kulikagua kabla ya kuuliza bei. Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza hupotea uwezo wa betri unaposhuka kwa takribani asilimia 15, na vingine hufuata kimoja kimoja. Betri ya gari hilo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hutegemea hewa tu, ndiyo maana mwaka 2012 wenye magari hayo kule Arizona, kwenye jua kali, walianza kulalamika kwamba vijiti vinakwisha upesi. Nasi joto la mwambao wa Nyasa tunalijua. Aliomba picha ya dashibodi, akaikuza kwenye simu na kuhesabu kwa kidole: vijiti kumi. Betri iliyotoka kiwandani na uniti 24 za umeme ilikuwa imebaki na kama 18.

Kisha ikaja hesabu ya kodi. Tulimpata wakala wa forodha Dar es Salaam, na wenyewe tukafungua kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA. Gari dogo la kutoka nje hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla, na ada nyingine hufuata. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya kawaida hupimwa kwa cc za injini, na gari la umeme halina cc. Lakini umri nao una bei. Gari la abiria lililotumika likifikisha miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likivuka kumi, asilimia 30. Kwa hesabu ya mwaka wa kutengenezwa, gari tulilolitaka lingeufikia mstari wa miaka minane Januari ikiingia.

Hapo nyumba ikagawanyika. Muuzaji alitangaza punguzo la mwisho wa mwaka. Mume wangu akasema tulipe sasa. Wakala akamwonya kuwa meli kutoka Japani huchukua wiki kadhaa, na gari likilipiwa Novemba mwishoni linaweza kushuka bandarini Januari, umri wake ukiwa umepanda ngazi. Punguzo la muuzaji lingemezwa na ushuru wa uchakavu. Baba mkwe naye akasimama na hoja yake: kama Januari itatukuta kwa vyovyote, basi tungoje Juni, Waziri wa Fedha asome bajeti, nafuu ikitangazwa ianze Julai mosi. "Subira yavuta heri," akasema. Mama mkwe, ambaye alikuwa anachambua mchele pembeni, akajibu bila kuinua kichwa: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Baba mkwe alikuwa na sababu. Alifuata habari za nchi za ukanda wetu. Rwanda ilipitisha nafuu za kodi kwa vyombo vya umeme mwaka 2021, na mnunuzi wa Kigali akajua anaposimama. Ethiopia mwanzoni mwa 2024 ilizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Kenya kwa Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT ya sifuri kwa pikipiki za umeme, lakini mwaka uliofuata Muswada wa Fedha wa 2024 ukataka kuiondoa nafuu hiyo, hadi muswada wenyewe ulipoachwa Juni 2024 baada ya maandamano ya vijana. Baba alisoma habari hizo akaona kwamba Juni ni mwezi wa kuheshimiwa. Mimi nilizisoma nikaona jambo la pili: nafuu inayoweza kutolewa Juni hii inaweza kuondolewa Juni ijayo, na mtu wa kawaida hawezi kupanga maisha juu ya kitu cha namna hiyo.

Tukiwa bado tunabishana, Krismasi ikaleta mtihani wa kweli. Shemeji yetu alikuja kutoka Songea na pikipiki ya umeme aliyoinunua Dar es Salaam. Kila jioni aliichomeka kwenye soketi ya sebuleni, na wajukuu wakaipanda zamu kwa zamu hadi ufukweni na kurudi. Chaji moja ilikula uniti karibu tatu. Nyumba ile iliunganishwa umeme wa vijijini wa REA kwa shilingi 27,000, na mita ya mama mkwe iko kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo. Kwa kundi hilo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Ukizipita, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Mama anajua mita yake kama anavyojua chungu chake. Friji inayogandisha barafu za kuuza, taa, redio na chaji za simu, vyote alikuwa amevipimia ndani ya zile 75.

Kabla mwezi haujaisha umeme ukakatika saa ya chakula. Mama akatuma mtoto na shilingi 5,000, kiasi kilichozoea kumletea uniti 40 na ushee. Risiti ikarudi na uniti 11 na ushee. Aliisoma, akanipa mimi niisome, akaichukua tena akaisoma mwenyewe. Alidhani wakala wa kuuza umeme wa LUKU amekosea. Hakuwa amekosea. Shilingi 350 ukiongeza kodi na tozo ni shilingi 427, gawanya 5,000 kwa hiyo utaipata ileile 11. Akaizima friji ili uniti hizo zifike mbali; barafu ziliyeyuka usiku ule, na asubuhi wateja wake wa ufukweni wakaenda kwingine. Mama hakumgombeza mtu. Alimwambia tu mwanawe: "Kabla ya kuuliza Dodoma watapunguza nini, uliza mita hii itaongeza nini."

Maneno hayo yalibadilisha hesabu zetu zote. Kama pikipiki imeweza kufanya vile, gari je? Leaf likiwa jipya, chaji moja kamili ni uniti 24. Chaji tatu tu zinakaribia kumaliza 75 za mwezi, kabla hata friji haijawashwa. Kebo yake ya Kijapani huvuta kilowati kama tatu kwa saa nyingi mfululizo, na fundi aliyekuja kutazama waya za nyumba alisema soketi ile ya sebuleni haifai kwa kazi hiyo, lazima avute laini yake peke yake kutoka kwenye mita, yenye swichi ya kukata umeme na waya wa ardhini. Na kuna mlima. Maji ya Ziwa Nyasa yako karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko takribani mita 1,300. Kuinua gari na mzigo wa dagaa kwa mita zaidi ya 800 kunakula kama uniti nne kwa kazi ya kupanda tu, mbali na mwendo wenyewe, na kutoka kwenye betri ya uniti 18 hiyo si haba. Mteremko wa kurudi hurudisha sehemu yake, ila si yote.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo ilitufundisha kwamba umeme unashinda. Mteja wa kawaida, wa kundi la T1, hulipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Uniti 18 ni shilingi 6,400 hivi, na kwa gari kama lile zinaweza kukupeleka kilomita 90 kwenye njia ya tambarare. Kilomita hizo kwa gari letu la petroli ni lita saba, na kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita ni 21,000. Umeme wenyewe umebadilika pia. Songea na Mbinga zilikuwa zikitegemea jenereta za dizeli hadi laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipokamilika, ikazinduliwa Aprili 2019. Sasa bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 linaingiza umeme kwenye gridi hiyohiyo. Nafuu kubwa ilikuwa imekaa hapo, kwenye tofauti ya 21,000 na 6,400, na haikuhitaji hotuba ya waziri. Kila mwezi tuliokaa tukingoja punguzo tuliilipa tofauti hiyo kwa mwenye chupa za petroli.

Mwaka ulipogeuka muuzaji akaandika kwamba gari limeuzwa. Mume wangu alikaa kimya siku nzima. Tarehe 12 Juni 2025 baba mkwe alifungua redio mapema, na sote tukakaa naye kusikiliza bajeti ya shilingi trilioni 56.49 ikisomwa Dodoma. Tulisikiliza kwa heshima, lakini gari la kuombea nafuu halikuwepo tena.

Julai ile wifi akapiga simu tena, safari hii kwa haraka. Sheria iliyosainiwa Marekani tarehe 4 Julai 2025 ilikuwa imefuta nafuu za magari ya umeme, dola 7,500 za gari jipya na dola 4,000 za lililotumika, mwisho ukiwa tarehe 30 Septemba. Rafiki zake walikuwa wanakimbilia kwa wauzaji, wengine wakichukua gari wasilolitaka ili tu kuiwahi tarehe. Baba mkwe alisikiliza yote, akamrudishia mwanawe simu, akasema: "Nunua unachokihitaji, uweze kukichaji."

Tulianza na mita. Tuna duka pia, na sasa lina mita yake kwenye T1, na laini ya kuchajia imevutwa hapo. Mita ya mama imebaki D1 na barafu zake zimerudi. Tukanunua pikipiki ya umeme ya kubebea ndoo na magunia kati ya ufukwe, vichanja na duka, njia fupi ambazo zilikuwa zikimaliza petroli kila siku. Gari kuukuu linabaki kwa safari ya Mbinga hadi tupate la umeme lenye betri inayoumudu mlima na mzigo.

Kwa wizara na Bunge nina ombi moja. Mkitoa nafuu ya kodi kwa vyombo vya umeme, itoeni kwa miaka kadhaa inayojulikana tangu mwanzo, na muanze na pikipiki na bajaji, vyombo vya watu wanaohesabu uniti. Itazameni pia mita ya kijijini, kwa sababu mwenye D1 akichaji chombo cha kumpatia riziki anaadhibiwa kwa bei ya juu kuliko ya tajiri wa mjini aliye T1.

Na wewe msomaji unayengoja Juni, andika kwenye karatasi moja punguzo unalolitarajia, na kando yake petroli utakayoichoma ukilingoja, umri wa gari unalolitaka na kundi la mita yako. Kama safu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, usingoje bajeti.