Mshenga Asiyecheka

Nilipofikisha miaka 34, nikiwa na mke, watoto wawili na mkopo wa benki, niliamini mimi na chunusi tuliagana kidato cha tatu. Kumbe zilikwenda likizo tu. Zilirudi na jamaa zao wote, wakapanga mashavuni na kidevuni, na moja ikajenga kabisa juu ya pua, ikawa inaingia ofisini kabla yangu.

Daktari wa ngozi alinitazama kwa lenzi yake, akaguna, akaandika isotretinoini. Dawa hiyo ni ndugu wa vitamini A. Marekani waliiidhinisha mwaka 1982, na kazi yake kubwa ni kuzisinyaza tezi za mafuta ya ngozi, zile ambamo chunusi hujipatia riziki. Nipime damu kwanza, waangalie ini na mafuta. Nisichangie damu. Nisiongeze vidonge vya vitamini A juu yake. Na niimeze pamoja na chakula chenye mafuta, ndipo iingie mwilini sawasawa. Hilo la mwisho nililipokea kwa mikono miwili. Si kila siku mtu anaandikiwa chapati.

"Na midomo itakauka," akamalizia.

"Midomo tu, daktari?"

"Ikikauka nitajua unameza. Isipokauka nitakuuliza dawa unazipeleka wapi."

Nikacheka. Nakikumbuka vizuri kicheko kile, maana ndicho cha mwisho nilichocheka kwa mdomo mzima kwa miezi mingi.

Matatizo yalianza hata kabla ya midomo. Pakiti yangu ilikuwa na picha ya mwanamke mjamzito aliyekatwa kwa mstari mwekundu, kwa sababu dawa hii humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na mwanamke anayeitumia hatakiwi kabisa kushika mimba, hata mwezi mzima baada ya kumaliza. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliikuta juu ya friji. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamwita binti yake chumbani, nami nikasikia kupitia ukutani: "Mwanangu, siku hizi na wanaume wanameza?"

Wiki ya pili midomo ikaanza kubana kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Yakafuata magamba. Halafu pembe zote mbili za mdomo zikapasuka, nikawa nakata andazi kwa kisu na uma kama mgeni wa hoteli. Ilikuwa Ramadhani, nasi tunaishi Tanga. Mimi ni Mkristo na mtaa mzima unajua, lakini mwezi ule midomo myeupe ni cheti. Fundi cherehani wa pale kona aliniona nikitoka kazini nimekauka, akashika kifua: "Mashaallah, bwana! Na wewe umefunga?" Kujibu kulikuwa na maumivu yake, nikatabasamu nusu. Jioni mkewe akaleta mihogo ya nazi, tambi na kaimati. Siku tatu nilikula futari ya watu kwa kukosa mdomo wa kusema ukweli.

Adui mkubwa, hata hivyo, alikuwa ndani ya nyumba: ulimi. Mdomo ukikauka, ulimi hutoka wenyewe kwenda kutoa pole. Mate yanapokauka huondoka na unyevu uliokuwepo, na isitoshe yameumbwa kuanza kusaga chakula. Hayana namna ya kujua kwamba huu ni mdomo wa baba mwenye nyumba na si muhogo. Nikalamba, ukakauka, nikalamba tena, mpaka nikapata duara jekundu kuzunguka mdomo kama mtoto aliyeiba ubuyu.

Ofisini washauri hawakukosekana. Aliyeniambia nisugue kwa limao na sukari simtaji, maana bado tunatumia meza moja. Nikanunua kijiti cha mafuta ya midomo chenye mnanaa. Kikanipoza dakika moja, kikaniunguza saa nzima. Mnanaa, kafuri na manukato ndivyo hasa mdomo wa namna hii hauvitaki, navyo vimeandikwa mbele ya kijiti kwa herufi kubwa kama sifa. Asubuhi moja umeme umekatika, nikapapasa kabatini, nikapaka nilichokipata. Kilikuwa cha binti yangu, chenye harufu ya stroberi na vumbi linalometameta. Mkuu wangu wa kazi aliuongoza mkutano mzima akizungumza na mdomo wangu.

Wakati wote huo mke wangu alikuwa akirudia neno moja: mgando. Mafuta ya mgando, yale yale tuliyompaka mtoto alipozaliwa, mabaki ya mafuta ya petroli ambayo Robert Chesebrough aliyasajili huko Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Hayana harufu, hayana ladha, hayana maneno mengi. Mimi niliyadharau kwa sababu ya bei. Mtu aliyelipa hela ya daktari bingwa hapendi kuponywa na kopo la dukani kwa Mpemba.

Lakini mgando una akili yake. Hauleti maji mdomoni. Unafunga mlango ili yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana mke wangu alinifundisha kulowesha midomo kwa maji kidogo, kisha kuifunga kwa mafuta ingali na unyevu. Na kupaka si mpaka uumie. Unapaka kabla ya kula, pilipili na ndimu ziteleze zisitue. Unapaka baada ya kupiga mswaki, maana povu la dawa ya meno nalo huchoma. Usiku unapaka kwa unene wa kutisha, hasa ukiwa mtu wa kulala mdomo wazi kama mimi. Magamba usiyamenye, nililimenya moja ndani ya daladala, konda akanirudishia chenji pamoja na karatasi ya kujifutia damu. Zile pembe zilizokataa kupona nilizirudisha kwa daktari. Akasema fangasi au bakteria hupenda kuhamia kwenye mipasuko kama hiyo, akanipa malhamu ya siku chache, zikafunga.

Mwezi wa tano wa dawa nilikuwa bingwa, kopo kila mfuko. Ndipo rafiki yangu akapata mchumba wa Kigogo, kwao Dodoma, na mjomba wake aliyekuwa awe mshenga akateguka mguu siku mbili kabla ya safari. Nikapewa kazi. Ilikuwa Julai, na Dodoma ya Julai ni upepo mkavu na vumbi. Begi lenye makopo yote nikalisahau kwenye basi.

Tulipofika kijijini, midomo ilikuwa imefunga kazi. Sikuweza kutabasamu, na jambo baya zaidi, sikuweza kutamka neno lolote linalokutanisha midomo. Jaribu kuposa bila herufi m, b wala p. Hakuna baba, hakuna mama, hakuna mahari, na ng'ombe unaanza naye vizuri anakuua mwishoni.

"Sisi ni wafugaji," akasema mzee wa nyumba. "Tunataka ng'ombe kumi na wawili."

Tulikuwa tumekubaliana nyumbani kuwa uwezo wetu ni kumi. Lakini kumi ina m. Nikaitafuta kichwani namba isiyogusa mdomo.

"Nane," nikasema, uso mkavu.

Wazee wakatazamana. Mshenga hubembeleza, husifu, hucheka hata pasipochekesha.

"Kumi na mmoja, kwa heshima ya safari yenu."

"Nane."

"Kijana, binti huyu amesoma. Kumi."

Ile kumi tuliyoitaka ilikuwa hapo mezani, nami sikuwa na mdomo wa kuipokea.

"Nane."

Kimya kikatanda. Kuku akapita katikati yetu. Mzee akapumua, akawageukia wenzake: "Tumpe nane huyu. Hawa hawakuleta mshenga, wameleta hakimu."

Nikacheka. Sikukusudia. Mdomo wa chini ukapasuka katikati, damu ikanitiririka kidevuni mpaka kwenye shati jeupe. Bibi mmoja akaingia ndani mbio, akarudi na kibuyu cha samli, akanipaka kwa kidole gumba kama anayepaka ndama. Maumivu yakatulia papo hapo. Nikafungua mdomo, nikatabasamu kwa raha, nikasema maneno mazuri yote niliyokuwa nimeyabeba kutoka Tanga: baba, mama, upendo, ubarikiwe.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande.

"Kumbe anacheka," akasema. "Basi ni kumi."

Rafiki yangu aliwalipa wote. Mpaka leo akinitambulisha kwa watu hataji jina langu. Anasema: "Huyu ndiye aliyecheka ng'ombe wawili."