Mpeni Mwera Haki Yake

Watu wa Mbaha, kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, wana ulimi mbaya kwa mwera. Mwezi wa tano ukielekea wa sita, ukishaanza kuvuma tu, hutasikia mtu akiutaja bila kusonya. Umefunga ziwa. Umevunja mtumbwi. Umebeba nyavu, umemfanya mama wa watu auze kuku aliyekuwa akimtunzia mgeni. Hata mlevi akianguka njiani saa nne usiku, asubuhi anasema alisukumwa na mwera. Nimesikiliza mashtaka haya mpaka yamenichosha, na kwa kuwa mshtakiwa hana wakili, na akija kujitetea mwenyewe ataezua mahakama, naomba nimsemee.

Nimtambulishe kwanza kwa wasiomjua. Mwera ni upepo wa kipupwe, mtoto wa ukoo mmoja na kusi wa pwani. Ila kusi kapata bahati ya mjini: amesukuma majahazi, amewarudisha wafanyabiashara makwao, na washairi wamemtungia. Mwera hajatungiwa kitu. Anaingia Ziwa Nyasa kwa upande wa kusini, na ziwa lenyewe ni refu, zaidi ya kilomita 550, jembamba, limebanwa na milima huku na huku. Akishaingia hana pa kupitia ila mbele. Mawimbi yanapata njia nzima ya kukulia bila kusumbuliwa na mtu, na yanapofika Mbaha yameshabalehe.

Kosa analolaumiwa zaidi na wageni ni kuharibu wikendi. Vijana wenye kazi Songea na Mbinga hushuka Ijumaa jioni na fimbo zao za kuvulia, zile za kukunja, na boksi la barafu ambalo mpaka hapo lina soda tu. Wanamtaka mbasa. Siwalaumu. Mbasa ni samaki wa heshima, mwenye magamba ya fedha, akikua vizuri anafika nusu mita, anakula usipa, dagaa wa ziwa hili, kwa pupa na hupanda mito kwenda kutaga kwenye kokoto. Aliyewapelekea wataalamu wa London samaki wa ziwa hili ni John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone, yuleyule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar na kumbana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa 1873. Mwaka 1864 Albert Günther wa jumba la makumbusho la London akampa mbasa jina la kitaalamu. Waingereza waliokuja nyuma wakamwona anaruka, anapanda mto, anang'aa, wakamwita samoni wa ziwa. Si samoni hata kidogo, ni wa ukoo mwingine kabisa, lakini mtu aliye mbali na kwao humwita ndugu yeyote anayemfanania.

Maana Waingereza wana ugonjwa wao wa kuvua, na ni lazima niueleze, kwa sababu ndipo ukarimu wa mwera unapoonekana. Samaki wao mpenzi ni trauti, na trauti hataki maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo mwanamume mzima, mwenye mshahara na mke, anavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, anaingia mtoni kwenye maji ya kuuma mifupa, anasimama humo asubuhi nzima akirusha ndoano iliyofungwa vinyoya ili ifanane na nzi. Akimpata samaki, mara nyingi anampiga picha na kumrudisha majini. Mapenzi hayo waliyabeba mpaka huku. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, yakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kuwatotolea Kiganjo, jirani na Nyeri. Embu nako kuna hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu cha kusifu uvuvi wa ndoano mwaka 1653. Gharama yote hiyo, na njia yote hiyo, ili mtu apate kutetemeka.

Mbaha unatetemeka bure. Mwera anakuletea baridi mpaka mlangoni, anaipenyeza kwenye ufa wa dirisha, anakulowesha mpaka kifuani bila suruali ya mpira, na hakutozi leseni. Kama raha ya uvuvi ni mateso, basi sisi tumejaliwa kuliko Scotland. Samaki wa kurudisha majini tu ndiye hayupo, na mwera ameshakuondolea hata usumbufu huo.

Na vinyoya tunavyo. Fundi mmoja wa hapa, mzee ambaye hajawahi kumwona trauti hata kwenye kalenda, hufunga chambo chake mbele ya watu bila siri yoyote. Anachukua ndoano, anachagua unyoya mweupe wa shingo ya jogoo, si wa mkia, kwa sababu wa mkia ni mgumu na majini unazunguka kama feni. Anauzungushia uzi aliouchomoa kwenye kiroba, anakaza kwa meno, analamba, anakaza tena. Kisha anakivuta kwenye beseni la maji ili uone: unyoya unalala, unatikisika, na kwa nukta moja hivi unaapa ni usipa anayekimbia. Kwenye mdomo wa Ruhuhu, kule Lituhi, penye maji ya mto kuingia ziwani, ziwa likiwa limetulia, chambo hicho kinatosha kumtia mbasa wazimu.

Likiwa limetulia. Mwera akiwepo, unarusha mshipi kuelekea Malawi na mshipi unarudi Tanzania. Nimeona ndoano ikimpata mwenyewe kwenye kola ya shati, nyingine kwenye kofia ya mtu aliyekuwa akitazama tu. Wageni huita hiyo ajali. Mimi naona mwera anauliza swali la haki kabisa: hapa nani anamvua nani?

Mnaocheka, sasa nawapeleka kwenye jambo la serikali. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaana. Kulifunga ziwa si mchezo. Kuna vikao vya nchi jirani, kuna matangazo, kuna doria zinazohitaji boti na mafuta, kuna wavuvi wanaouliza watakula nini. Sasa tazameni Nyasa. Miezi ni ileile, na ziwa linafungwa kwa siku tatu, nne, saba mfululizo na ofisa mmoja ambaye hayumo kwenye daftari la mishahara. Haombi mafuta. Hapokei kitu kidogo. Hana binamu mwenye kokoro anayepaswa kufumbiwa macho. Wapo wanaotega nyavu kwenye midomo ya mito, wakawazuia mbasa wasipande kutaga, na ndiyo sababu moja ya samaki huyu kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ile inayotunzwa na IUCN. Barua za onyo hawazisomi. Mwera akivuma, nyavu zao wanakwenda kuziokota kwenye matete, vipande vipande.

Wataalamu wa maji wanamjua vizuri kuliko wanaomsonya. Ziwa hili lina kina cha mita kama 700, na kutoka mita 200 na kitu kwenda chini hakuna hewa ya samaki kuvuta. Rutuba inazama huko na kukaa, mali isiyo na mwenyewe. Mwera akivuma miezi yote hiyo anasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Kule kusini maji ya baridi yanapanda kuziba pengo, yanakuja na rutuba, mimea midogo ya majini inastawi, vijidudu vinaila, usipa wanavila vijidudu, mbasa anamla usipa. Hapa mteja wangu ana doa dogo, nami sitalificha: ncha ya kusini ni ya Malawi. Kapu linafunguliwa kwao kwanza, sisi tunapelekewa mawimbi. Lakini nani asiyeanzia kwao akigawa?

Nyumbani nako mchango wake haujaandikwa popote. Miezi mingine kijiji kina wanawake, watoto na nyayo za wanaume zikielekea ufukweni. Mwera akifunga ziwa, wanaume wanarudishwa kwa familia zao kwa nguvu. Paa linalovuja linatazamwa. Nyavu zinashonwa. Mkutano wa shule unapata akidi. Siku ya kwanza mama anafurahi, anatenga ugali wa muhogo na kisamvu, watu wanacheka. Siku ya pili baba ameanza kushauri kisamvu kipikwe vipi. Siku ya tatu anahamisha mafiga. Hapo ndipo mama anatoka nje mwenyewe kutazama anga, na sala zinazosomwa jioni hiyo kwa ajili ya hali ya hewa hazitoki kwa wavuvi peke yao.

Vijana ndio hawana subira.

"Babu, ziwa litafunguka lini?"

"Muulize aliyelifunga."

"Si ndiyo nakuuliza wewe, umemzoea."

"Nimemzoea kumkimbia, mjukuu wangu. Kaa chini, ushone."

Sifa yake nyingine ni kwamba vyeo havimtishi. Livingstone alifika ziwani 1859, akarudi 1861 na mashua kupita pwani ya magharibi, akarushwarushwa na upepo wa huku mpaka akaona jina linalolifaa ni ziwa la tufani. Watu wa utalii siku hizi wanapenda zaidi kuliita ziwa la nyota. Ni jina linalouza vyumba. Na mwaka 1895 Chauncy Maples wa misheni ya UMCA, aliyewahi kufanya kazi Masasi na Newala, alikuwa ametoka kuwekwa wakfu London awe askofu wa Likoma, kisiwa cha humuhumu ziwani. Alikuwa na haraka ya kufika kwa watu wake. Mwezi wa Septemba, usiku, mashua ikapinduka kwenye dhoruba, naye akazama kabla hajaketi kwenye kiti chake hata mara moja. Meli ya misheni ikapewa jina lake, ikaendelea kupita mwambao huu miaka mingi.

Huyo alipata meli. Wengine wa Mbaha, wa Lituhi, wa Liuli, waliotoka jioni na taa za kuvulia usipa wakiamini nafasi ya saa mbili tatu, hawakupata kitu cha kuitwa kwa jina lao. Kuna nyumba ninazozijua ambako sithubutu kuusoma utetezi huu kwa sauti. Mwenye nyumba akiniuliza kwa nini, sina jibu, na sitalitafuta.

Turudi kwa mgeni wetu na boksi lake. Jumamosi amekaa kwenye gogo akiangalia povu. Jumapili baada ya ibada ameambiwa subiri, pengine mchana. Mchana mwera ameongeza. Sasa lazima apande gari kurudi Mbinga kwenye baridi nyingine, ya milimani, ambako vibarua wanachuma kahawa na jamaa zake wote wameshaahidiwa samaki. Anakwenda sokoni. Mbasa hayupo, magege hakuna, ndunduma hakuna. Kuna mama mmoja na gunia la usipa aliowaanika mchangani ziwa likiwa zuri, akawafungia ndani na kunyamaza. Katika kijiji kizima huyo peke yake sijawahi kumsikia akisonya. Mgeni anainama, anashika wachache, anaangalia kama wamekauka, anauliza bei ya sado, anashtuka.

"Mama, Ijumaa si ulinitajia bei nyingine?"

"Ijumaa ulikuwa na fimbo, mwanangu," mama anasema, huku akitikisa sado usipa washuke. "Nikuwekee ngapi?"